Usingizi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kila alfajiri mtaani kwetu watu huulizana habari za usingizi. "Umelalaje?" "Salama." "Umeamkaje?" "Tunamshukuru Mungu." Salamu hizi nimezisikia tangu utotoni, lakini miaka ya karibuni nimeanza kumtazama usoni anayejibu. Mzee wa nyumba ya pili hutoka nje ameegemea ukuta, hatua moja moja, mgongo umekaza kama ubao, na bado hunijibu, "Salama, mwanangu." Mama anayekaanga vitumbua pale kona huchukua muda mrefu kukunja magoti mpaka akifikie kigoda chake, macho mekundu. Naye ni salama. Kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga mwaka juzi, na mpaka leo hajapona maumivu, hupiga miayo mfululizo akimsubiri abiria wa kwanza. Ukimsalimia, salama.

Swali letu la asubuhi ni zuri mno, ila tumezoea kupita kabla halijajibiwa. Na anayeumwa amejifunza kwamba halijibiwi. Nani atasimama barabarani saa kumi na mbili asubuhi asikilize habari za goti lililomwamsha mtu mara nne?

Wafanyabiashara wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtu mwenye maumivu yasiyoisha, usingizi ni mali, tena mali inayoibwa kila usiku bila mtu kuandika kilichopotea. Msimamo wangu ni huu: kila anayeishi na maumivu ya muda mrefu anastahili kupimwa usingizi wake kama anavyopimwa presha. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Kinahitaji daftari, kalamu, na swali lililoulizwa kwa Kiswahili ambacho mgonjwa na mwuguzi wanakielewa kwa namna moja.

Maumivu huiba usingizi, na usingizi hulipiza

Wataalamu huita maumivu sugu yale yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyatengea sehemu yake, kwa sababu mara nyingi huendelea kumtesa mtu hata pale kidonda kilichoyaanzisha kimefunga. Humo wamo wenye migongo, wenye baridi yabisi, wenye kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku, wenye selimundu, wenye saratani.

Wengi wetu tunaamini kwamba maumivu ndiyo yanayofukuza usingizi, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1975, huko Toronto, Kanada, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wazima wenye afya njema, wakawa wanawasumbua kwa sauti kila walipoanza kuzama katika usingizi mzito, bila kuwaacha wazame. Watu hao, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, waliamka wakiumwa misuli na viungo. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Marekani, Patrick Finan, Burel Goodin na Michael Smith, walipitia tafiti za miaka ya karibuni wakaona jambo la kutushtua: usingizi mbovu hutabiri maumivu ya kesho kwa uhakika zaidi kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usingizi mbovu.

Sababu yake inaeleweka. Ubongo una njia zake za kupunguza makali ya maumivu, mithili ya mtu anayeteremsha sauti ya redio. Usiku ukikatikakatika, njia hizo hulegea. Goti ni lile lile, dawa ni ile ile, ila leo linauma kuliko jana.

Sasa lilete jambo hili nyumbani. Mama hakulala. Asubuhi maumivu yamezidi, anameza vidonge viwili mahali pa kimoja. Mchana anajinyoosha kidogo, anapitiwa na usingizi mpaka alasiri. Usiku ukiingia, macho makavu. Kesho yake genge halifunguliwi, na wateja wanahamia kwa jirani. Mwisho wa wiki fedha za sukari zimekwenda duka la dawa, na huko amenunua vitu viwili visivyofanana kabisa, cha kutuliza maumivu na cha kumlaza, bila daktari kujua. Dawa za maumivu zikimezwa hovyo huchoma tumbo na kuumiza figo. Dawa za kulaza zikizoeleka, kuziacha ni kazi. Haya yote yameanzia kwenye usiku ambao hakuna aliyeuuliza.

Swali moja, majibu matatu

Shangazi yangu anaishi Tanga na ana baridi yabisi ya miaka mingi. Vidole vyake vimepinda, na magoti huvimba msimu wa baridi. Siku moja nilimsindikiza kliniki. Mwuguzi, binti mwenye heshima, alimwamkia shikamoo, akampima presha, akamuuliza maumivu yako ngapi kati ya sifuri na kumi. Kisha akauliza, "Bibi, unalala saa ngapi?"

"Saa tano," shangazi akajibu.

Mwuguzi akaandika kwenye faili: usingizi, saa 5. Daktari alipolisoma faili alielewa kwamba bibi huyu hulala kwa muda wa saa tano kila usiku. Akasema kwa umri wake si vibaya sana, akaandika dawa zile zile. Tukaondoka.

Nyumbani ndipo nilipomuuliza tena. Shangazi huenda kitandani saa mbili usiku, mara baada ya kula, kwa sababu kukaa kwenye kiti kunamuumiza. Usingizi humchukua saa tano. Saa nane usiku maumivu humwamsha, na tangu hapo ni kugaagaa mpaka baada ya swala ya alfajiri, ambapo hupata kama saa moja ya mang'amung'amu. Saa nne tu za usingizi, katika kitanda alichokilalia kwa saa kumi. Jibu lake la "saa tano" lilikuwa la kweli kabisa, ila lilijibu swali jingine.

Lugha yetu ina mtego hapa, na wanaopima lazima waujue. "Unalala saa ngapi?" inaweza kuwa unajilaza wakati gani, usingizi unakuja wakati gani, au unalala kwa muda gani. Neno "kulala" lenyewe linabeba kujinyoosha kitandani na kusinzia pia. Mtu husema "nimelala tangu saa mbili" na hakufumba jicho hata kidogo. Ongeza mtego wa saa zenyewe: fomu iliyotafsiriwa kutoka nje huweka saa 11 za usiku, mgonjwa wetu anaijua saa kumi na moja kuwa ni wakati wa adhana ya alfajiri. Kosa la saa sita linaingia kwenye karatasi, na hakuna aliyedanganya.

Lakini lugha hiyo hiyo ina hazina ambayo hatujaitumia. Saa zetu za usiku huanza kuhesabiwa giza linapoingia na kumalizika kunapokucha, moja mpaka kumi na mbili. Usiku wote umo ndani ya hesabu moja, haukatwi katikati. Aliyepanda kitandani saa mbili akashuka saa kumi na mbili, mtoto wa darasa la pili atakwambia ni saa kumi. Tena tuna maneno ya kupimia ubora wa usingizi ambayo kila bibi anayajua: nimelala fofofo; nimelala kawaida; nimelala mang'amung'amu; sikupata hata lepe. Hizo ni ngazi nne zilizopangwa tayari. Kwa nini tunahangaika kumfundisha mgonjwa namba za kigeni wakati ngazi yake anayo mdomoni?

Vipimo vya wakubwa

Dunia haijakosa vipimo. Kinachotumika zaidi kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1989 na Daniel Buysse na wenzake. Mgonjwa hujibu maswali 19 kuhusu mwezi uliopita, na alama hujumlishwa kutoka 0 hadi 21. Aliyevuka 5 huhesabiwa kuwa analala vibaya. Kinauliza kama uliamshwa na maumivu, baridi, joto, kikohozi au haja ya kwenda msalani. Kipo kingine kifupi cha maswali saba, kinachopima ukali wa kukosa usingizi kwa wiki mbili zilizopita. Ni vipimo vizuri, na watafiti wanavihitaji ili kulinganisha wagonjwa wa nchi mbalimbali. Udhaifu wake ni kumtaka mtu akumbuke wiki mbili au mwezi mzima kwa mkupuo. Mwenye maumivu hukumbuka zaidi usiku ule uliomliza. Ule aliolala vizuri kidogo humtoka.

Ipo pia maabara, ambako mtu hulazwa na nyaya kichwani, kifuani na miguuni, mashine ikasoma ubongo, macho, misuli na pumzi. Kwa anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, kipimo hicho kina thamani kubwa. Ila ni wangapi kati yetu watakifikia? Na usiku mmoja katika kitanda cha kigeni unaeleza kiasi gani cha maisha ya mtu?

Kisha zimekuja saa za mkononi, zinazokisia usingizi kwa kufuata mwendo wa mwili. Mkono ukitulia, saa huhesabu kuwa umelala. Kwa mwenye maumivu, tahadhari. Mtu wa namna hii mara nyingi hulala kimya akiwa macho, hagusi shuka, kwa kuwa kila akijigeuza anaumia. Saa itamhesabia usiku mwema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na saa ya mkononi haiyasikii maumivu yetu.

Daftari la shangazi

Tulichofanya sisi kilikuwa rahisi. Mjukuu wa shangazi, binti wa kidato cha pili, alichukua daftari la shule akapiga mistari. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, alimuuliza bibi yake maswali yale yale, akaandika: alipanda kitandani saa ngapi; usingizi ulimchukua kama saa ngapi; aliamka mara ngapi, na nini kilimwamsha; alishuka kitandani saa ngapi; alilala mchana au la; alimeza dawa gani na saa ngapi; maumivu ya asubuhi ni ngapi kati ya kumi; na mwisho, fofofo, kawaida, mang'amung'amu au hata lepe. Dakika tano. Walikubaliana mambo mawili tangu mwanzo: usiku hakuna kutazama saa, kwani makisio ya asubuhi yanatosha; na zoezi ni la siku 14, kisha daftari linafungwa.

Siku ya kumi na nne nililipitia daftari ukurasa hadi ukurasa. Yapo mambo ambayo hata shangazi hakuwahi kuyaona. Dawa alikuwa anaimeza saa kumi na mbili jioni, na karibu kila usiku maumivu yalimwamsha saa nane. Siku mbili alizofua nguo za familia nzima zilifuatwa na "hata lepe". Usiku ulioandikwa "kawaida" ulitokea mara tatu, na zote tatu alikuwa amechelewa kupanda kitandani kwa sababu wageni walikuwepo.

Aliporudi kliniki alikuwa na daftari mkobani. Daktari alilisoma amesimama, kisha akakaa. Alisogeza mbele saa ya kumeza dawa, kwa kipimo kile kile na pamoja na chakula. Akamshauri asipande kitandani saa mbili, angoje mpaka macho yawe mazito. Akamweleza hesabu ambayo wataalamu huifanya: saa za kulala gawanya kwa saa za kuwa kitandani. Mwenye usingizi mzuri hufikia asilimia 85 au zaidi. Shangazi alikuwa na 40. Sitasema amepona, kwa kuwa baridi yabisi bado anayo. Ila mwezi uliofuata alipata usiku kadhaa wa saa sita, na mjukuu wake aliniambia kwamba bibi ameanza tena kusuka ukili.

Matibabu yenye nguvu kuliko yote kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu yamejengwa juu ya daftari kama hilo. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo hilo aanze kwa tiba ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi kabla ya kupewa vidonge. Tiba hiyo haiwezi kuanza pasipo kujua mtu analala vipi hasa. Hapo ndipo daftari linapokuwa dawa ya kwanza.

Chumba kimoja, usiku mmoja

Daftari letu, hata hivyo, lazima lifanane na maisha yetu. Ushauri wa usingizi unaoandikwa kwingine husema: chumba kiwe na giza, kiwe na ubaridi, kiwe kimya, na kitanda kitumike kwa kulala tu. Mwambie hayo mama anayeishi na watoto wanne katika chumba kimoja Mbagala, kitanda ndiyo kochi la wageni na meza ya mtoto ya kufanyia kazi za shule. Mwezi Februari umeme ukikatika, feni inasimama na joto linashuka juu ya neti kama blanketi. Mtaa wa pili kuna ngoma ya kigodoro mpaka alfajiri.

Ndiyo maana safu ya "nini kilikuamsha" ni muhimu kuliko zote. Maumivu, joto, mbu, kelele, mtoto, haja ndogo, umeme. Tusipotenganisha, kila kitu tutakitupia goti, na daktari ataongeza dawa ya maumivu kwa mtu aliyeamshwa na spika ya jirani. Mtu akijua kwamba usiku nne kati ya saba aliamshwa na mbu, neti yenye tundu inapata dawa yake, sindano na uzi.

Nawafikiria zaidi watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, maelfu kila mwaka. Baridi ya usiku huweza kuwaamshia maumivu ya mifupa. Huhimizwa wanywe maji mengi, na figo zao haziwezi kuukoleza mkojo kama za wenzao, kwa hiyo huamka mara kwa mara kwenda msalani au hukojoa kitandani, wakaona aibu. Wengine hewa ya oksijeni hupungua mwilini wakiwa usingizini. Asubuhi mtoto huyu anasinzia darasani, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Karatasi moja ya wiki mbili, iliyojazwa na mzazi na kupelekwa shuleni, ingemwokoa mtoto na fimbo, na ingemwonyesha daktari kama usiku wake unahitaji uchunguzi zaidi.

Tunao mfano wa kile kinachofanywa na kumbukumbu. Mwaka 2004 watafiti wa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, walianza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, kazi ambayo Profesa Julie Makani aliiongoza na ikasikika duniani. Ugonjwa uliokuwa ukiua watoto kimya kimya ulipata idadi, na ulipopata idadi ulipata kliniki, watafiti na sauti. Maandishi yana nguvu hiyo. Kisichoandikwa hakiombewi bajeti.

Nani atauliza?

Najua pingamizi litakalokuja. Wauguzi wetu wana foleni ya watu mia, watapata wapi muda? Jibu ni kwamba kazi kubwa inafanyika nyumbani. Kliniki inatakiwa kuuliza mambo matatu, moja moja: unapanda kitandani saa ngapi, usingizi unakuchukua saa ngapi, unaamka kwa sababu gani. Kisha itoe karatasi moja yenye mistari, na ziara inayofuata iitazame. Wapo wasiojua kusoma. Hao wana watoto na wajukuu, na alama ya msalaba kwa kila kuamka inatosha. Wapo watakaoanza kuhangaikia hesabu mpaka hesabu yenyewe iwanyime usingizi. Kwao wiki mbili zikiisha daftari lifungwe.

Naiomba Wizara ya Afya iweke safu ya usingizi kwenye kadi ya kila mgonjwa wa maumivu ya muda mrefu, kwa saa za Kiswahili. Nawaomba walimu wa vyuo vya uuguzi wawafundishe vijana wetu kwamba "unalala saa ngapi" ni maswali matatu. Nawaomba waume na wake wanaolala ubavuni mwa wagonjwa wasione taabu kusema walichokiona usiku, kwani wao ndio mashahidi wa karibu. Na nawaomba wenye maumivu wenyewe waache kuficha. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Asibadili mtu dawa kwa kichwa chake. Aandike, ampelekee daktari.

Nawe msomaji, kesho asubuhi utamsalimia mtu nyumbani kwako ambaye unajua anaumwa. Utamuuliza, "Umelalaje?" Atajibu, "Salama." Usiondoke. Vuta kigoda, ukae, umuulize saa ngapi usingizi ulimchukua na nini kilimwamsha. Kisha chukua kalamu uandike.